Meli ya Kaiser na Abiria wa Nyarugusu

Nyarugusu haina ziwa. Kambi hii ya wakimbizi iko Makere, wilayani Kasulu, juu kwenye nyanda za Kigoma, penye udongo mwekundu na miombo, kilomita zipatazo 150 kutoka Ziwa Tanganyika. Maji ya hapa ni ya bomba, na yanakwenda kwa foleni ya ndoo na madumu. Hata hivyo wengi wa wakazi wake waliingia nchini kwa njia ya maji. Wakongo wa Fizi, Baraka na Uvira walianza kufika Novemba 1996, kambi ilipofunguliwa, baada ya kuvuka ziwa kwa mitumbwi na maboti ya mbao, mara nyingi usiku. Warundi wa Mei 2015 walivushwa kwa meli, nayo ni MV Liemba, ambayo mwaka huo ilitimiza miaka 100 tangu ishushwe majini pale Kigoma. Iliposhushwa haikuitwa Liemba. Iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana wa Kijerumani wa wakati wa Maji Maji, na haukupita muda juu yake ukafungwa mzinga.

Vita vya Ziwa Tanganyika vya 1914 hadi 1916 vimeandikwa sana Ulaya, na karibu kila mara kwa kicheko. Yumo ofisa wa Kiingereza aliyevaa sketi, zimo boti zilizopewa majina ya kuchezea, kisha ikaja riwaya ya C. S. Forester ya 1935 iliyochota humo humo, The African Queen, na filamu yake ya 1951, ambamo ziwa ni pazia tu nyuma ya wapenzi wawili wa Kizungu. Sina ugomvi na kicheko. Mambo mengine ya kisa hiki yanachekesha kweli, nami sitayaficha. Lakini kisa hicho hicho ukikitazama kutoka Kasulu, kinakuwa habari ya jambo moja: nani ana chombo, na nani anavushwa.

Mwaka 1914 ziwa lilikuwa mpaka wa dola tatu: mashariki Wajerumani, magharibi Wabelgiji, kusini Waingereza. Lina urefu wa kilomita 670 hivi, na sehemu nyingi milima yake inashuka moja kwa moja majini bila kuacha nafasi ya barabara. Jeshi lililotaka kulizunguka kwa miguu lingetembea wiki nyingi. Kwa meli, usiku mmoja ulitosha kulifikisha ng'ambo. Wajerumani walilijua hilo, tena walikuwa na reli. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200, ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Chochote kilichoweza kupakiwa kwenye behewa kiliweza sasa kufika ziwani.

Hapo ndipo wanamaji wa baharini walipogeuka kuwa wanamaji wa bara. Agosti 1914 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao meli yao ya upimaji, Möwe, katika bandari ya Dar es Salaam ili isitekwe. Nahodha wake, Gustav Zimmer, akapanda treni na mabaharia wake kwenda Kigoma. Huko waliikuta Hedwig von Wissmann, meli ndogo ya tani 60, wakaifunga mizinga. Kutoka pwani wakaletewa kwa reli Kingani, chombo kidogo zaidi kilichozoea kazi za bandarini. Tarehe 22 Agosti Hedwig ilikwenda Lukuga, mji ambao leo ni Kalemie, ikaishambulia Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, na kuiacha haifai kwa kazi. Novemba ikawa zamu ya Waingereza kule kusini, Cecil Rhodes na Good News zikaharibiwa. Good News ilikuwa mali ya wamisionari, meli ya kwanza ya mvuke kuelea Tanganyika, mwaka 1885. Vipande vyake vilikuwa vimefika kwa njia ya Ziwa Nyasa, na kutoka Nyasa hadi Tanganyika vikabebwa na wapagazi.

Kule Nyasa mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 13 Agosti meli ya Kiingereza, Gwendolen, iliikuta Hermann von Wissmann ikiwa nchi kavu kwenye matengenezo pale Liuli, ikaipiga. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Lakini Tanganyika ilikuwa ya Zimmer, na mwaka 1914 ulipokwisha hapakuwa na meli ya adui iliyokuwa bado inatembea humo.

Kisha ikaja Götzen. Iliundwa 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma. Ilifuatana na mafundi watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Hawa walikuwa wajenzi wa meli, si wanajeshi, na vita viliwakuta kazini. Wao, pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika, waliiunga meli ribiti kwa ribiti, na tarehe 5 Februari 1915 ikashuka majini. Katikati ya mwaka ilianza safari. Kwa urefu wa mita 70 hivi, hapakuwa na kitu kingine ziwani cha kulinganishwa nayo. Mzinga wake mkubwa, wa milimita 105, ulitoka Rufiji, kwenye manowari Königsberg iliyopigwa na Waingereza ndani ya delta ile Julai 1915, ambayo Wajerumani waliifuata chini ya maji wakaivua mizinga yake mmoja baada ya mwingine.

Inafaa tukumbuke lakini kwamba Götzen ilikusudiwa kubeba abiria na mizigo. Hata wakati wa vita kazi yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo: kuhamisha askari, mamia kwa safari moja, kati ya Kigoma na Bismarckburg, ambako leo ni Kasanga mkoani Rukwa. Kuiita manowari ni kuitukuza kidogo. Lilikuwa lori la majini lenye mzinga.

Aliyepeleka habari hizi London alikuwa mwindaji wa tembo, John Lee. Aprili 1915 alionana na wakuu wa jeshi la majini, akawaeleza kwamba meli kubwa inaungwa Kigoma na kwamba dawa yake ni boti ndogo, za kasi, zinazoweza kupitishwa Kongo nchi kavu. Wakubwa wakakubali. Hawakumpa Lee uongozi. Walimpa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa aliyekuwa amekaa miaka mingi bila kupandishwa cheo, na kwa sababu nzuri. Miezi michache kabla, moja ya meli zilizokuwa chini yake ilikuwa imepigwa topedo na nyambizi ya Kijerumani mchana kweupe, yeye akiwa hotelini ufukweni akizungumza na mabibi. Lee mwenyewe aliondolewa kwenye msafara kabla haujafika mbali.

Boti zilikuwa mbili, kila moja ya mita 12, kazi ya karakana ya Thornycroft. Zilikuwa na injini mbili za petroli, mzinga mdogo mbele, bombomu la Maxim nyuma, na mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Vyombo vya Wajerumani vilivyochoma kuni vilikuwa na bahati vikifika nusu ya mwendo huo. Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakuu wakakataa. Akarudi na Mimi na Toutou, nao wakapitisha bila kugundua kwamba ni paka na mbwa wale wale, safari hii kwa lugha ya utotoni ya Kifaransa.

Ziliondoka Uingereza Juni 1915. Meli hadi Cape Town, treni hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na kutoka hapo hadi Fungurume, ambako mwanzoni mwa Agosti reli iliishia. Mbele yao ilibaki misitu na milima ya Mitumba, kilomita zaidi ya 230 hadi kituo kinachofuata cha reli, Sankisia.

Hapa waandishi wa Ulaya huwasifu maofisa kwa uvumilivu. Uvumilivu ulikuwepo, sikatai. Lakini boti haziendi mlimani kwa uvumilivu wa ofisa. Vijiji vilitoa watu kwa amri ya serikali ya Kibelgiji, mamia kwa mamia, wakakata miti, wakachimbua visiki, wakajenga madaraja ya magogo zaidi ya mia moja. Matrekta mawili ya mvuke yalivuta boti zikiwa juu ya magari ya magurudumu. Yaliposhindwa, wakafungwa maksai. Maksai waliposhindwa, watu walivuta kwa kamba. Njia ilipanda hadi mita 1,800 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Maji yalipokosekana katika kiangazi kile, hata mitambo ikawa haina cha kunywa, wanawake wa vijiji vya njiani waliyabeba kwa mitungi vichwani, maili baada ya maili, ili yamiminwe ndani ya boila. Majina ya boti mbili yamehifadhiwa herufi kwa herufi. Ya wale wanawake hayamo popote.

Kutoka Sankisia ilikuwa safari fupi ya reli hadi Bukama, kisha Mto Lualaba, ambao msimu ule ulikuwa na maji haba kiasi kwamba boti za kwenda vitani zilikwama kwenye mchanga mara kwa mara, kisha reli tena kutoka Kabalo. Mwisho wa Oktoba walikuwa Lukuga.

Huko Spicer-Simson akawa kivutio. Joto lilimpa sababu ya kuvaa sketi ya kaki, na mwili wake ulijaa chale za nyoka na wanyama, ambazo Waholoholo wa eneo lile walikusanyika kuzitazama alipokuwa akioga. Yeye aliamini wanamwabudu. Waliokuwa wakimtazama hawakuulizwa.

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1915, Kingani ilionekana ikija kupeleleza, chini ya Luteni Junge. Waingereza wakaiacha ipite, wakatoka nyuma yake. Kila mwenye mtumbwi wa injini Kigoma leo angeuelewa mpango huo bila kuchorewa ramani. Mzinga wa Kingani ulipiga kwa mbele tu. Chombo kizito cha kuni hakiwezi kugeuka haraka kumkabili mwenye petroli anayekizunguka. Junge alijaribu kugeuza, lakini kila alipogeuza, adui alikwisha kuhama. Ndani ya dakika 11 Junge na wenzake wawili walikuwa wamekufa, bendera imeshushwa. Kingani ilivutwa hadi Lukuga, ikazibwa, ikafungwa mzinga mkubwa zaidi na kuitwa Fifi, ikaanza kuwafanyia kazi Waingereza.

Kigoma hawakujua kilichotokea. Kingani ilikuwa imetoka, haikurudi. Wangeweza kudhani ni mizinga ya nchi kavu ya Wabelgiji, au mwamba, au dhoruba, maana Tanganyika ina zake. Februari 1916 Zimmer akaituma Hedwig kwenda kuangalia, chini ya Luteni Odebrecht, na tarehe 9 ikakutana na kundi zima: Fifi, Mimi, na vyombo vya Wabelgiji. Mzinga mpya wa Fifi ulikuwa mkubwa mno kwa chombo chenyewe, hata kila ulipopigwa ulikaribia kukisimamisha, na Hedwig ikaanza kuponyoka. Mimi ndiyo iliyoharibu mambo. Iliipita Fifi, ikawa inaidonoa Hedwig kutoka mbali, nje ya uwezo wa mzinga wa nyuma wa Mjerumani, na Odebrecht akalazimika kugeuza meli kila mara ili ajibu. Katika kugeuka huko Fifi ikawahi. Risasi zilizobaki zilikuwa za kuhesabika kwa vidole zilipoanza kupata. Hedwig ikazama, na Waingereza wakaokota majini bendera ya jeshi la majini la Ujerumani, ya kwanza kutekwa katika vita vile.

Siku iliyofuata Götzen yenyewe ilitokea ikimtafuta mwenzake. Ilipita polepole mbele ya Lukuga, wazi kabisa. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa tayari kwenye boti zao wakingoja amri. Spicer-Simson aliitazama kwa darubini, akakataa kutoka. Wanahistoria humcheka kwa hilo. Mimi sidhani kama alikosea sana: mzinga mmoja wa milimita 105 ukipata boti ya mbao ya mita 12, hakuna kinachobaki cha kuvuta bandarini.

Kwa wapenzi wa habari za vita, hapa ndipo Tanganyika inapoungana na dunia. Thornycroft waliotengeneza Mimi na Toutou walianza mwaka huo huo wa 1916 kuunda boti za urefu kama huo kwa ajili ya pwani za Ulaya, sasa zikibeba topedo. Tanganyika haikuonja topedo. Vita vyake vilikuwa vya mizinga tu. Lakini hesabu ilikuwa moja: chombo chepesi, cha bei nafuu, kinachokwenda mara mbili ya adui, kinaweza kuua kitu kikubwa mara kadhaa kuliko chenyewe, mradi kisisubiri kujibiwa. Wajerumani, waliokuwa wameumizwa na hesabu hiyo Tanganyika, ndio waliokuja kuwa mabingwa wake. Sidai kwamba kuna mtu Berlin aliyekaa akasoma ripoti ya Kingani. Walikuwa na sababu zao karibu zaidi na nyumbani, ikiwamo mikataba iliyowakataza kuwa na manowari nyingi kubwa. Karakana ya Lürssen, jirani na Bremen, ilikuwa imeunda boti ya starehe, Oheka II, kwa ajili ya tajiri wa benki wa Marekani, Otto Kahn. Kutoka umbo la boti hiyo ya anasa likazaliwa mwaka 1930 boti la kwanza la kasi la jeshi, na baada yake familia nzima ya Schnellboot: mita 35 hivi, mbao juu ya mifupa ya chuma chepesi, injini tatu za dizeli, mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa, topedo mbili tayari midomoni.

Usiku wa tarehe 28 Aprili 1944, boti tisa za aina hiyo zilitoka Cherbourg, zikaupata msafara wa meli za Marekani ukifanya mazoezi ya kutua Ufaransa, katika ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza. Meli mbili kubwa za kushushia askari zilizama, ya tatu ikaumia. Wamarekani 749 walikufa, na habari ikafichwa ili maandalizi ya kutua Normandy yasivuje. Meli zilizopigwa zilikuwa ndugu wa Götzen kwa kazi: vyombo vizito, vya taratibu, vilivyojaa watu.

Turudi ziwani. Mei 1916 mzinga wa Königsberg uliondolewa Götzen, kwa kuwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliuhitaji nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia, wa mbao. Juni, Spicer-Simson alifika Bismarckburg kulisaidia jeshi la nchi kavu kuwazingira Wajerumani. Akaiona ngome, akaona mizinga yake, akarudi nyuma. Wajerumani wakatoroka kwa majahazi na mitumbwi. Ngome ilipotekwa, mizinga ile nayo ikaonekana ni ya mbao. Katika miezi ile ya mwisho Wajerumani walilishika ziwa kwa kazi ya useremala.

Kilichowatoa Kigoma hakikuwa boti za Waingereza. Zilikuwa ndege za Kibelgiji zilizorushwa juu ya maji na kudondosha mabomu bandarini, na zaidi ya hizo jeshi la Wabelgiji, Force Publique, lililoshuka kutoka Urundi kupitia Buha, nchi ya Waha. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen. Rüter na wenzake ndio waliopewa kazi ya kuiua meli waliyoizaa, wakaifanya kama wazazi: walizipaka injini grisi nzito, wakajaza mchanga ndani ya meli, wakaiketisha taratibu chini ya maji, ili siku moja iweze kuinuliwa. Siku mbili baadaye Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, na Septemba wakaingia Tabora.

Juu ya Buha habari za mwaka ule hazikupata riwaya. Majeshi yote mawili yalikula shambani kwa Waha na yote mawili yalitaka wapagazi. Wabelgiji walibaki kama watawala wa Kigoma na Kasulu hadi Machi 1921, walipoikabidhi nchi kwa Waingereza, na mpaka ukachorwa: Urundi upande ule, Buha upande huu. Watu wa Manyovu na wa Mabanda wameendelea kuelewana kwa lugha karibu moja, kuoana na kuuziana maharage, lakini tangu siku hizo anayevuka kijito cha mpakani akikimbia ana cheo kipya, mkimbizi.

Wabelgiji waliinua Götzen, ikazama tena kwa dhoruba ikiwa imefungwa bandarini. Waingereza wakaiinua mara ya pili mwaka 1924. Walipofungua injini walikuta grisi ya Rüter imefanya kazi yake. Miaka chini ya maji haikuwa imeziharibu. Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, na kwa karibu karne nzima ikawa ndiyo barabara ya mwambao: Kigoma, Kirando, Kipili, Kasanga, hadi Mpulungu nchini Zambia. Vituo vingi havikuwa na gati. Meli ilipiga honi, maboti yakaja ubavuni, na watu wakapanda na kushuka na magunia ya dagaa, mananasi, kuku na watoto mgongoni.

Boti za kasi zilirudi ziwani mwaka 1965, na hapa ndipo mtu wa Nyarugusu anapoanza kukitambua kisa. Aprili mwaka huo Che Guevara alivuka usiku kutoka Kigoma kwenda Kibamba, upande wa Fizi, kuwasaidia waasi wa Kongo, ambao mmoja wa viongozi wao alikuwa kijana aitwaye Laurent-Désiré Kabila. Watu na silaha vilipita ziwani. Wamarekani wakataka kulifunga. Wakachukua boti za aina ya Swift, wakazikata vipande, wakazileta kwa ndege hadi Albertville, wakaziunga upya, na kuwapa Wakuba waliomkimbia Castro waziendeshe. Albertville ni Lukuga. Nusu karne baada ya Mimi na Toutou, pale pale, boti za kasi zilikuwa zimeletwa tena na wageni kuamua nani avuke. Novemba Guevara alirejea Kigoma. Wabembe wa Fizi walibaki na vita.

Na Kabila alirudi. Vita vilivyoanza Kivu Kusini Oktoba 1996, ambavyo yeye alikuwa msemaji na kisha kiongozi wa waasi wake, ndivyo vilivyowasukuma watu wa Uvira, Baraka na Fizi majini. Safari hii hapakuwa na msafara wa kijeshi wa kuandikiwa vitabu. Mwenye boti alidai nauli, asiye na nauli aliacha baiskeli, kitenge au redio, na boti iliyotengenezwa kubeba dagaa ikabeba ukoo. Kigoma iliwapokea, kisha malori yakawapandisha Kasulu.

Mwaka uliofuata, Rais Mobutu wa Kongo alipoanguka, Umoja wa Mataifa uliikodi Liemba kuwarudisha. Kwa miezi mitano ilikwenda na kurudi kati ya Kigoma na Uvira mara 22, ikasaidia kuwarejesha zaidi ya watu 75,000. Ilionekana kama kambi zitafungwa. Agosti 1998 vita vipya vikaanza Kongo, na baadhi ya waliorudishwa wakavuka tena. Nyarugusu ikabaki, watoto wakazaliwa humo, wakasoma kwa mtaala wa Kongo, wakaoa na kuolewa humo. Kiswahili cha Kivu kikapata makao Makere.

Kisha Aprili 2015, Burundi ikachafuka baada ya Rais Nkurunziza kutangaza kugombea kipindi cha tatu. Maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji, karibu kabisa na mpaka. Barabara ya gari haikuwepo. Kulikuwa na njia ya miguu juu ya mlima mkali, au ziwa. Katikati ya Mei walikuwa wamerundikana makumi ya maelfu kwenye ufukwe mwembamba, vyoo havitoshi, maji wanakunywa ya ziwani, na kipindupindu kikaingia.

Liemba ikatumwa. Kagunga haina gati la meli ya ukubwa ule, kwa hiyo ilisimama mbali kidogo, na maboti madogo ya wavuvi yakawa yanapakia watu ufukweni na kuwapeleka ubavuni mwake, watoto wakipandishwa kwa kupokezana mikono. Meli kubwa ilikuwa haina maana yoyote bila boti ndogo, jambo ambalo Zimmer angelikubali. Ilichukua watu wapatao 600 kwa safari, idadi isiyo mbali na ile ya askari waliosafirishwa wakati wa Kaiser, mfalme wa Wajerumani. Vyombo vingine vilisaidia. Kigoma walishukia, wakapelekwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, wakapimwa, wakaandikishwa, wakapewa maji ya chumvi na sukari waliokuwa wanaharisha, kisha mabasi yakaanza kupanda mlima kwenda Kasulu na Makere.

Nyarugusu, iliyokuwa na Wakongo 60,000 hivi, ilizidi watu 150,000 kabla mwaka haujakwisha. Shule ziligeuzwa mabweni, makanisa vivyo hivyo, na waliokuwa wenyeji wa kambi kwa miaka 19 wakajikuta wanagombea bomba na wageni. Oktoba serikali na mashirika wakaifungua tena Nduta, wilayani Kibondo, na Januari 2016 Mtendeli, wilayani Kakonko, wakaanza kuwapunguza Warundi kutoka Nyarugusu. Huko hakufiki meli wala boti. Walikwenda kwa basi, kila familia na turubai lake, sufuria na jembe, na kwenye kituo cha kupokelea waliandikishwa upya.